Mguu ulioliwa na anga: kuchagua flashi ya kupigia makachu Forodhani

Kwenye kioo cha nyuma cha kamera picha ilikuwa safi kabisa. Kijana yuko hewani, kichwa chini, magoti kifuani, nyuma yake bahari na jahazi moja linaingia bandarini. Nikamwinulia msaidizi wangu dole gumba. Usiku, chumbani, nikaifungua kwenye kompyuta na kuivuta hadi asilimia 100, na mguu wa kulia haukuwa na ukingo. Paja linaonekana mpaka chembe za chumvi zilizokauka juu yake, lakini kuanzia kwenye kifundo kwenda kwenye vidole nyama inayeyuka, anga nyeupe imeingia ndani ya unyayo kana kwamba panya kautafuna. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Sitini na kitu, na karibu zote zina mguu, mkono au kisigino kilicholiwa.

Nimeandika kisa hiki kirefu kwa sababu swali lililonipeleka Unguja na flashi zisizofaa ndilo swali ninaloulizwa kila wiki: "Kaka, ninunue flashi gani yenye nguvu ya kupigia michezo nje?" Swali lenyewe lina kasoro, na mimi nilikuwa nalo vilevile.

Kazi ilikuwa hivi. Mwenye nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe alitaka kalenda ya ukutani, picha 12, zote za makachu. Kwa asiyejua, makachu ni ule mchezo wa vijana wa Unguja wa kuja mbio, kukanyaga ukingo wa ukuta wa Forodhani na kujirusha baharini kwa sarakasi: wengine wanapinduka mara mbili hewani, wengine wanaruka wima kama askari kwenye gwaride halafu wanajikunja dakika ya mwisho. Jioni watu hujaa kuwatazama, chips na mishikaki mkononi. Mteja alikuwa na sharti moja tu: zisiwe zile picha za vivuli vyeusi mbele ya jua linalozama, maana hizo kila mgeni anazipiga kwa simu. "Nataka nyuso," alisema. "Nataka watu wawajue watoto wao."

Sharti hilo ndilo lililoleta flashi. Ukisimama Forodhani ukaelekeza kamera baharini jioni, unaitazama kaskazini-magharibi, na hasa miezi ya kusi jua huzama mbele yako upande huohuo. Anga inawaka, mwili wa mrukaji uko kivulini. Ukipima mwanga wa mwili, anga inaungua. Ukipima wa anga, mtu ni mkaa.

Mimi kazi yangu ya kila siku ni harusi, Dar. Nilikuwa na flashi mbili za juu ya kamera, zile ambazo boksi lake limeandikwa namba ya nguvu 60, na hapo hapo pana mtego wa kwanza. Namba hiyo hupimwa flashi ikiwa imejikusanya kwa ajili ya lenzi ya milimita 200, mwanga ukiwa mwembamba kama wa tochi. Ukiifungua ieneze mwanga wa kumfunika mtu mzima anayezunguka hewani na nafasi kidogo pembeni, namba halisi inashuka hadi 40 hivi. Hesabu yake ni rahisi: gawa namba kwa umbali wa mita, unapata tundu la lenzi kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kwa 40, mita 5, unapata f/8. Zikiwa mbili pamoja unapanda hadi f/11, tundu dogo zaidi linalotaka mwanga mwingi zaidi. Nikaona inatosha. Harusini inatosha na kubaki.

Jioni ya kwanza

Tulifika siku ya mwezi mpevu, bila kumuuliza mtu. Kosa la mtu wa bara, ingawa Dar nako kuna bahari. Saa 10 alasiri maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na ukingo, vijana wanaruka kwa fujo, na jua bado kali. Nilipanga kuvuta muda hadi mwanga ulainike. Ilipofika saa 11 na nusu ukuta ulikuwa umetoa miguu, maji yanakimbia, na vijana wanavaa fulana zao.

"Mbona mnaondoka?" nikamuuliza mmoja aliyeonekana ndiye mkubwa wao.

"Maji yanatoka, kaka. Ukiruka sasa hivi unakutana na jiwe." Akanitazama, akaona hata hilo sikulijua. "Leo bamvua. Bamvua linajaa saa kumi, jua likitua hapa pakavu. Ngojeni siku tatu, maji na jua vitafika pamoja."

Hakuna kifaa nilichonunua mwaka ule kilichonisaidia kama sentensi hiyo. Pwani yetu maji ya bamvua, ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hujaa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, kisha kila siku yanachelewa zaidi ya nusu saa. Baada ya siku tatu yanajaa karibu saa 12 jioni, na Agosti jua la Unguja linazama saa 12 na dakika 25 hivi. Ukingoja juma zima unaingia kwenye maji mafu, ambayo saa 10 jioni ndiyo kwanza yamekupwa. Kwa hiyo dirisha ni la siku mbili tatu kila nusu mwezi. Mpiga picha anayepanga makachu kwa kalenda ya ofisi anajitafutia hasara.

Basi picha za siku hiyo ya kwanza nilizipiga katikati ya mwanga mkali: ISO 100, f/11, shata (muda ambao kamera inabaki wazi) 1/250 ya sekunde, flashi mbili kwa nguvu kamili kutoka mita 4. Mwanga ulipatana. Nyuso zilionekana. Na miguu ikaliwa.

Nani anasimamisha mwendo?

Usiku ule nilikaa na daftari. Mtu akianguka mita 3 anagusa maji kwa kasi ya karibu mita 7.7 kwa sekunde. Ndani ya 1/250 ya sekunde anasogea sentimita 3. Hata juu kabisa ya mruko, pale mwili unapotulia kabla ya kushuka, anayejipindua bado miguu yake inachora duara. Akimaliza mzunguko mmoja kwa chini ya sekunde, kisigino kinakwenda mita 4 au 5 kwa sekunde. Hizo ni sentimita 2 za ukungu kwenye sehemu ya mwili yenye upana wa sentimita 8. Ndiyo maana paja lilikuwa kali na kidole hakipo.

Lakini si tunaambiwa flashi inagandisha mwendo? Inagandisha, ndiyo, pale tu ambapo mwanga mwingine ni hafifu. Ukumbini, taa zikiwa chini, kamera haioni chochote mpaka flashi iwake, kwa hiyo picha yote inatengenezwa ndani ya ule muda mfupi wa mwako. Forodhani saa 11 mambo ni kinyume. Mrukaji anapokatisha mbele ya anga, mwili wake ni kitu kinachoziba mwanga. Shata ikiwa wazi mguu unasogea, na pale ulipokuwa panabaki wazi, anga inapita na kujaza. Flashi imeupiga mguu mara moja, sawa, lakini haina uwezo wa kuizuia anga isiingie kabla ya mwako na baada yake. Ungeleta flashi kubwa kama ya studio ukaiweka pale pale, mguu ungeliwa vilevile, tena ungeonekana vizuri zaidi jinsi ulivyoliwa.

Kumbe swali la kwanza halikuwa nguvu. Swali ni nani anayesimamisha mwendo, shata au flashi. Na anayejibu ni kilichoko nyuma ya mrukaji. Nyuma pakiwa peupe, shata ndiyo isimamishe. Nyuma pakiwa peusi, iachie flashi.

Shata nayo ina kikomo chake. Kamera nyingi zina mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Mpaka kasi fulani, kwangu 1/250, kuna nukta ambapo sensa, yaani bamba linalonasa picha, iko wazi yote, na hapo flashi huwaka. Ukizidisha, pazia la pili linaanza safari kabla la kwanza halijafika, na kinachopita mbele ya sensa ni ufa mwembamba. Flashi ikiwaka mara moja inaangaza ufa tu. Kwingine picha inatoka na utepe mweusi. Dawa ni mfumo wa HSS (high-speed sync), ambao flashi inatema mwako mdogomdogo mfululizo kwa haraka sana kuanzia ufa unapoingia hadi unapotoka, ikijifanya taa ya kawaida kwa muda ule. Unaweza kupiga 1/1600 au 1/2000 bila utepe. Gharama yake ni nguvu: mwako mwingi unaangukia kwenye pazia lililofungwa. Kwenye flashi nilizopima mimi, ukiingia tu HSS unapoteza kama stopu 2, yaani unabaki na robo ya mwanga.

Nilizijaribu flashi zangu mbili kwa HSS dirishani, msaidizi akiruka kitandani (samahani kwa mwenye nyumba). Kutoka mita 3 zilifika kwa taabu, na baada ya mwako wa ishirini moja ikajizima kwa joto. Zile zimetengenezwa kwa keki na maharusi.

Kuna njia ya kuukwepa mzozo wote huu. Sony walitangaza kamera ya a9 III mwishoni mwa 2023, ambayo sensa yake inasoma picha nzima kwa mara moja, hakuna pazia wala ufa, na flashi inafuatana nayo hadi 1/80000. Bei yake ni ya gari la mtumba. Nikaufunga ukurasa huo wa daftari.

Kilichokuwa mezani

Nilipiga simu Dar kwa mwenzangu mmoja anayekodisha taa, nikamweleza. Akaweka taa mbili za flashi kwenye boti ya asubuhi: Godox AD200Pro moja na AD600Pro moja, pamoja na triga (kifaa cha kuwashia taa kwa mbali) na vikorokoro. Ya kwanza ni ya wati-sekunde 200, haifiki kilo moja hata ikiwa na betri, umbo lake ni kama tofali dogo. Ya pili ni ya wati-sekunde 600 na uzito wa kilo 3 hivi. Kwa maneno mengine moja ina nguvu mara tatu ya mwenzake. Alikuwa na Profoto B10 pia, wati-sekunde 250, kilo moja na nusu, kitu kizuri sana mkononi. Kodi yake ya siku tatu ingekula faida yangu yote, tukaiacha.

Watu hudhani mara tatu ya nguvu ni mara tatu ya umbali. Sivyo. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo nguvu mara tatu inakupa umbali mara 1.7 tu. Kama ile ya 200 inafika mita 3 na nusu, ya 600 itafika 6. Na kinyume chake ndicho chenye raha: ukiisogeza taa kutoka mita 5 hadi 2 na nusu, umepata mwanga mara nne bila kununua kitu. Swali likawa, je, naweza kumfikia mrukaji kwa mita 3 bila taa kuingia kwenye picha wala kulowa?

Taa zilipofika, usiku nilifanya jaribio jingine ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla ya kutoa hela. Nilibandika kipande cha plasta nyeupe kwenye ncha ya panga la feni ya darini, nikazima taa zote, nikawasha feni kwa spidi ya mwisho na kupiga kwa 1/125, mwanga wa flashi peke yake. Kwa nguvu kamili plasta ilivutika ikawa mkanda wa urefu wa kidole cha kati. Nguvu ya robo, ikarudi kuwa plasta yenye ncha zilizolegea. Nguvu ya 1/16, ningeweza kuhesabu nyuzi zake. Hilo ndilo ambalo tangazo halikwambii kwa herufi kubwa: taa hizi kwa nguvu kamili zinawaka karibu 1/220 ya sekunde, taratibu kuliko shata yako, na kadiri unavyopunguza nguvu ndivyo mwako unavyokuwa mfupi, hadi kupita 1/10000. Tahadhari, taa nyingi za zamani za studio hufanya kinyume, ukipunguza nguvu mwako unarefuka, na feni itakuonyesha hilo kwa dakika mbili.

Kwa hiyo kwa mchezo wa mwendo mtu hanunui nguvu ili aitumie yote. Ananunua nguvu ili aitumie robo.

Jioni, siku tatu baadaye

Saa 11 na nusu maji yalikuwa yanapanda na upepo wa kusi unavuma. Softiboksi niliyokuja nayo (ule mfuko wa kitambaa wa kulainisha mwanga) ilikaa kwenye begi. Ukiifungua pale umefungua tanga. Stendi nazo hazina kazi juu ya ukuta unaokanyagwa na vijana wanaokuja mbio. Tulichukua fimbo ya mchoraji nyumba, ile ya kurefusha inayobeba rola, tukafunga kichwa cha AD200 juu yake kwa waya wake wa mita 2, na mwili wa taa ukabaki ndani ya mfuko wa plastiki kwenye mgongo wa msaidizi. Ncha ya fimbo ikawa na uzito wa kichwa tu. Vijana walikuja kuitazama, mmoja akasema fimbo yetu ni pondo la mtumbwi wa kuchezea.

Tulikuwa tumeshakubaliana nao mapema: nani anaruka, malipo kiasi gani, picha zinakwenda wapi. Wote tuliowapiga walikuwa watu wazima. Wadogo walikuwepo wengi na kila mmoja anataka "nami, nami", lakini picha ya mtoto kwenye kalenda ya biashara inataka mzazi, na mzazi hakuwepo ukutani.

Mimi nilikaa chini kando ya ukuta, mita 6, lenzi ya milimita 35. Taa ilikuwa upande wa nchi kavu, mita 3 kutoka pale mrukaji anapofika kileleni, jua likimpiga kutoka upande wa pili. HSS, shata 1/1600, f/2.8, ISO 100, taa nguvu kamili. Mruko wa kwanza nikaivuta picha palepale: vidole vitano vya mguu, kila kimoja na ukucha wake. Ndani ya 1/1600 mtu anayeanguka anasogea nusu sentimita tu.

Mruko wa nne kijana akatoka majini akaja moja kwa moja kwa msaidizi.

"Kaka, taa yako inanipiga machoni. Siyaoni maji."

Nilikuwa nimeiweka mbele yake ili uso ung'ae. Mtu anayejipindua anahitaji kuyaona maji ili ajue afunguke lini. Ukimpofusha kwa nukta moja anatua kifua au shingo. Tukairudisha nyuma na pembeni, kiasi kwamba akiruka taa iko karibu na bega lake. Uso ukapoteza mwanga kidogo, lakini mbavu, mgongo na matone yakapata umbo ambalo taa ya mbele ilikuwa imeyalaza bapa. Ningekuwa na akili ningeanza hapo.

Kwa nguvu kamili taa inahitaji karibu sekunde 2 kujaa tena, kwa hiyo ni picha moja kwa kila mruko. Kamera yangu inapiga kumi kwa sekunde, na siku hiyo uwezo huo ulikuwa pambo. Tulihesabu kwa sauti, moja, mbili, na kwenye tatu mguu unakanyaga ukingo. Mimi nabonyeza pumzi moja baadaye. Nusu ya miruko niliikosa mwanzoni. Baada ya ishirini hivi mwili ukajifunza.

Jua lilipogusa maji nikabadilisha kila kitu. Anga ilikuwa inashuka haraka, kwetu magharibi haikawii, dakika ishirini tu na ni giza. Nikatoka HSS, nikarudi 1/250, f/4, ISO 400, nikaiacha anga iwe nyeusi kwa stopu 2 kuliko ilivyo, na taa nikaishusha hadi 1/8. Kasi ileile ya shata iliyoniharibia siku ya kwanza, na safari hii hakuna mguu ulioliwa. Anga ilikuwa imekuwa zambarau nzito, hata ikiingia kwenye ukingo wa mguu haina mwanga wa kuumiza, na mwako wenyewe ulikuwa mfupi kama ule wa feni. Taa ikawa inajaa kwa kufumba na kufumbua, napata picha tatu nne kwenye mruko mmoja. Zile dakika kumi na tano zilinipa picha nyingi nzuri kuliko saa nzima iliyotangulia.

Na ile ya 600? Ilitoka mara moja. Vijana watano walitaka kuruka pamoja, na kuwafunika wote bila fimbo kuonekana ilibidi taa irudi mita 6. AD200 haikufika. Tukaifunga AD600 begani kwa msaidizi wa pili, mtu mwenye mwili, ikafanya kazi yake. Baada ya miruko sita akaomba kupumzika. Mtu akiniambia kazi yake kubwa ni baiskeli za milimani au mpira wa ufukweni, ambapo humkaribii mchezaji, nitamwambia achukue hiyo na amlipe mtu wa kuibeba. Anayepiga akiwa mita 30, kama kwa wale wanaoteleza baharini kwa kaiti huko Paje, aiache nyumbani, atumie jua.

Hesabu ya mwisho

Nilirudi Dar nikauza zile flashi mbili, nikanunua AD200Pro mbili na waya mmoja wa kichwa. Mbili, si ya 600, kwa sababu zikiwekwa pamoja zinanipa wati-sekunde 400, zikitengana zinanipa mwanga wa pande mbili, na moja ikifa sirudi nyumbani. Betri yake ni ya wati-saa 42 hivi. Hata ya 600 ina kama 75, zote chini ya kikomo cha 100 ambacho ndege nyingi hukiruhusu kwenye begi la mkononi bila maswali. Harusini pia zinafanya kazi, na hilo kwa mtu wa harusi si dogo.

Chumvi ndiyo iliyobaki kunidai. Kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha kikavu, usiku uleule, kwenye kioo cha taa, triga, kiatu cha kamera (pale inapochomekwa flashi) na kila skrubu ya fimbo. Triga moja niliisahau mfukoni kwa siku mbili, sehemu za shaba zikapata kijani, ikaanza kuwaka inapotaka yenyewe. Na tone likiingia kwenye mwili wa taa usilifungue kulikausha mwenyewe. Ndani mna kapasita yenye umeme wa mamia ya volti, unaobaki hata betri ikitolewa. Mpelekee fundi anayezijua.

Mteja alichagua picha zake 12. Tano za HSS, nne za baada ya jua kuzama, na tatu ambazo hazina flashi kabisa. Ya jalada ni mojawapo ya hizo tatu: nilibonyeza mapema, taa haikuwa imejaa, ikagoma. Kijana ametoka mweusi tii mbele ya jua, kwa 1/1600, kivuli kilekile ambacho mteja aliapa hataki. "Hii imekuwa nzuri," alisema, wala hakukumbuka. Nilipompelekea kijana mwenyewe nakala yake Forodhani, aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaonyesha wenzake.

"Sura siioni," alisema. "Lakini miguu ni yangu."